Vidonge vya Jogoo

Mdogo wangu ni fundi wa majokofu, na mtaa mzima unamwita Jogoo. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Alibandikwa na muuza dawa wa duka lililopakana na langu, bwana mmoja mwenye mdomo usio na breki, alipoona kwamba mteja wake huyu haishi kurudi kuchukua dawa ile ile ya nguvu za kiume, tena kwa wingi, tena mchana kweupe, bila hata kuvaa kofia.

Mimi nina duka la kutoa kopi. Nina mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kubembelezwa. Ukuta kati yangu na duka la dawa ni wa mbao, kwa hiyo ya kule yote nayasikia: nani ana fangasi, nani anatafuta kipimo cha mimba huku anatetemeka, nani ananunua dawa ya chawa halafu anasema ni ya mtoto wa jirani. Nimezoea. Lakini kumsikia mdogo wako mwenyewe akigeuzwa kichekesho, hilo halizoeleki.

"Jogoo huyo! Karibu, mkuu. Mzigo wako umefika. Kitanda lakini kizima?"

"Kitanda nimekichomelea chuma," mdogo wangu alikuwa akijibu.

"Na shemeji yetu je? Naye umemchomelea?"

Hapo watu wote kwenye foleni walikuwa wakiangua kicheko, na wateja wangu nao, wenye vitambulisho vyao mkononi wakisubiri kopi, walicheka hadi machozi. Mdogo wangu naye alicheka. Aliweka vidonge vyake mfukoni kwenye ovaroli, akapungia watu mkono, akaondoka na begi lake la spana. Alikuwa hodari wa kujichekesha, na mimi nilikuwa namchukia kwa uhodari huo.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nilimkamata mkono akipita mlangoni kwangu, nikamvuta ndani nyuma ya mashine, nikamwambia yote yaliyokuwa yamenijaa rohoni. Nilimuuliza kama ana wazimu. Mke mwenyewe ndiye yule, mwembamba, akipanda ngazi anashika ukuta, na yeye anashindana na vidonge kama mtu aliyewekewa dau. "Unataka umuue mtoto wa watu?" nilimuuliza.

Hakucheka. Alifunga mlango wangu, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Si zangu, dada," alisema. "Ni za mke wangu."

Nilidhani ananitania. Nilimwangalia usoni nikaona hatanii.

Alinieleza kwa namna anayoeleza kila kitu, yaani kwa majokofu. Kumbe wifi yangu alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya mapafu. Mishipa ile inayopeleka damu kwenye mapafu imebana, damu haipiti vizuri, presha yake inapanda kule ndani ambako kile kipimo cha kufunga mkononi hakifiki. "Chukulia bomba la friji limebana," alisema. "Kompresa inasukuma, inasukuma, inapata moto, mwisho inakufa. Kompresa ndiyo moyo wake. Hivi vidonge vinalegeza bomba."

"Hivi hivi vya wanaume?"

"Hivi hivi. Daktari anasema dawa haijui mwanamume wala mwanamke, inajua mishipa tu. Wanaume wanakunywa siku wakitaka. Yeye anakunywa asubuhi, mchana na jioni, maisha yake yote. Akikosa, mabomba yanabana tena, na safari hii kwa hasira."

Nilimuuliza kwa nini basi hafungui mdomo akawaambia hivyo wale mabwege wa pale dukani. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye bwege mkuu. Wifi yangu alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwalimu wa watoto wadogo akisikika tu ana ugonjwa wa mapafu, wazazi hawatasubiri maelezo ya mishipa. Watasema kifua kikuu, na kesho yake darasa ni tupu. Hilo lilikuwa moja. La pili alilisema akiwa ameinamisha kichwa, akichezea kamba ya boksi. Daktari alikuwa amemkataza wifi kushika mimba. Moyo usingeweza kubeba.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Mama nimemwambia tatizo ni langu."

Mama yetu, kila alipopiga simu, salamu zilikuwa mbili tu: habari za afya, na habari za mjukuu. Hakuwa mkali, alikuwa na hamu tu, lakini hamu ya mama inaweza kumvunja mke wa mtu. Wifi alianza kuogopa hata mlio wa simu. Ndipo mdogo wangu akamwambia mama kwamba kasoro iko kwake yeye mwanamume, kwamba anatibiwa, na kwamba mama asimguse mke wake kwa neno hilo tena. Mama alilia, akamwombea, akanyamaza. Mdogo wangu alikuwa ameamua kuvaa aibu yote mwenyewe, ya mtaani na ya nyumbani.

"Kwa hiyo wewe cheka tu, dada, wakicheka," aliniambia akifungua mlango. "Usiniharibie."

Nikawa nacheka. Nilicheka huku natamani kumtumbukiza muuza dawa kwenye mashine yangu nimtoe kopi upande mmoja.

Dawa yenyewe haikuwa na sura moja. Mara ilikuja ya buluu, mara nyeupe, kutegemea kiwanda gani kimeleta. Vidonge vilikuwa vikubwa kuliko kipimo chake, kwa hiyo kila Jumapili mdogo wangu alikaa kitandani na sahani na wembe, akavikata vipande vinne vinne, kwa mkono ule ule unaokata mabomba ya shaba. Vipande alivitia kwenye kichupa cha plastiki kisicho na karatasi, akakiweka juu ya kabati la chumbani. Wifi alikuwa akimtania kwamba ndiye mwanamke pekee duniani anayekatiwa chakula kama mtoto.

Napenda kumkumbuka akitania. Alikuwa mcheshi wa chini chini. Mimi nilipomuuliza dawa inamfanyaje, alijibu, "Wifi, mpaka sasa sijaota ndevu." Akicheka alilazimika kusimama kidogo apate pumzi ya kumalizia, na sisi tulizoea kumsubiri.

Mwaka huo mvua zilipokwisha, hali yake ilishuka kidogo. Daktari alisema apunguze kazi, apate mtu wa kumsaidia nyumbani. Mdogo wangu hakutaka kuita mama, lakini mama huwa haitwi. Alisikia mkwewe anaumwa "uchovu", akafunga mabegi yake akaja.

Niseme ukweli kuhusu mama, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu amwone vibaya. Mama alimpenda yule mwanamke kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa, na hakuficha. "Huyu ndiye wangu," alikuwa akisema, "nyinyi wawili nahisi nilibadilishiwa hospitali." Alimwamsha kwa chai, akamzuia kuinama, akamkatalia hata kufua soksi. Jioni alimwekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana miguu ilikuwa ikivimba, akaikanda kwa vidole vyake vigumu huku akimsimulia vituko vya mdogo wangu utotoni. Wifi, aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo, aliniambia mara moja, "Wifi, sijawahi kuoshwa miguu. Nikiwa mzima sijui nitamlipa nini." Nami nilimwambia amlipe kwa kunenepa.

Na mama hakumuuliza tena habari za mjukuu. Hilo lilitupa moyo. Tulidhani mambo yametulia.

Kumbe mama alikuwa anaangalia. Aliona midomo ya mkwewe ikigeuka zambarau akitoka tu bafuni. Aliona anavyokaa kitandani kwanza kabla ya kuvaa viatu. Nyumba ya mdogo wangu ina vyumba viwili, na ukuta wa katikati si mzito kuliko wangu na duka la dawa. Usiku wifi hakuweza kulala chali, alikosa pumzi, akaketi, akahema, na mdogo wangu akamwegemeza kifuani kwake akimpapasa mgongo mpaka atulie. Upande wa pili mama alisikia kuhema tu.

Kisha akaenda kununua vidonge vya maumivu ya kichwa. Muuza dawa, kwa ukarimu wake, akamuuliza kama si yeye mama yake Jogoo.

"Jogoo ndiye nani?" mama aliuliza. Niliyasikia haya kwa masikio yangu, mashine ikinguruma.

"Mwanao, mama! Fundi! Hongera kwa kuzaa dume. Mwambie mzigo wake umefika, mweupe safari hii, moto ule ule."

Watu wakacheka. Nilitoka mbio nimwahi, nikamkuta anavuka barabara, mkoba ameubana kwapani. Nikamwambia asimsikilize yule, ni mropokaji. Akaniambia, "Mimi si mtoto, mwanangu. Mimi nimeolewa kabla yako." Nikacheka kama nilivyoagizwa kucheka. Nikarudi dukani, kulikuwa na mtu anataka kopi za cheti.

Baada ya hapo wifi akaanza kuporomoka. Sina neno jingine. Wiki iliyotangulia alikuwa akisimama getini kuwapungia watoto wa chekechea waliopita kumsalimia. Wiki iliyofuata hakufika getini. Akawa hamalizi sentensi, anasema nusu, nusu nyingine anaimalizia kwa mkono. Mdogo wangu alimpa dawa mwenyewe kwa mkono wake, asubuhi kabla ya kazi, mchana alirudi na pikipiki kwa ajili hiyo hiyo tu, na jioni. Hakukosa hata mara moja. Alimwekea kipande kwenye kiganja, akamshikia kikombe.

"Chungu leo," wifi alisema siku moja.

"Dawa gani uliona tamu?" mdogo wangu akamjibu, na wote wawili wakatabasamu. Nilikuwepo. Nami nilitabasamu.

Alianguka akiwa anajaribu kutandika kitanda. Tulimfikisha hospitali akiwa na fahamu zake, amenishika kidole gumba kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Wakamwekea oksijeni. Daktari wake, mama mmoja mtu mzima asiyepoteza maneno, alimpima, akatutoa nje.

"Dawa anameza kila siku?"

"Kila siku," mdogo wangu alisema. "Mimi mwenyewe nampa."

"Hujaruka?"

"Daktari, naapa kwa roho yangu."

Daktari akamwamini, na nani asingemwamini. Akasema basi ugonjwa umeizidi dawa, hutokea, wataongeza nyingine za kupunguza maji mwilini, na ile ya kila siku waendelee nayo bila kukosa. Stoo ya hospitali dawa hiyo haikuwepo. Mdogo wangu akasema si neno, anacho kichupa, amekuja nacho. Akamkabidhi nesi. Na nesi, kwa saa zake zilizopangwa, akawa anampa wifi yangu vipande vile kutoka kwenye kichupa kile.

Asubuhi nilirudi nyumbani kwao kuchukua khanga safi na kumwangalia mama. Nilimkuta uani anafua mashuka ya wifi, analia huku anafua, povu limemfika kwenye viwiko. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikaanza kumsuuzia.

"Atapona?" akaniuliza.

"Daktari anajitahidi."

"Nilichelewa," mama alisema. "Ningekuja mapema. Wiki mbili zile nilizozitoa mimi zisingetosha kupumzisha mwili uliochoka hivyo."

Sikuelewa. Nikamuuliza alitoa nini.

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akashusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu. Akaniambia alivyosikia kuhema usiku. Akaniambia alivyoaibika dukani, si kwa ajili ya mwanawe, bali kwa ajili ya yule binti anayekandamizwa na mtu mwenye moto wa kununua. Alifikiri kuzungumza na mwanawe, lakini mama ataanzia wapi kumwambia mwanawe jambo kama hilo? Basi siku alipokuwa anafagia chumbani alikishusha kile kichupa juu ya kabati, akaona vipande vyeupe, akaelewa. Alivimwaga chooni vyote. Kisha akakata vidonge vyake vya kichwa kwa kisu cha jikoni, vipande vinne vinne, akajaza kichupa, akakirudisha mahali pake. Mwanawe alipokata vingine Jumapili, mama alisubiri aende kazini akafanya vile vile.

"Vya kichwa havimdhuru mtu," alisema. "Nilitaka tu amwache alale. Mjukuu mimi sitaki tena, nimemwambia Mungu. Nikikosa mjukuu sitakufa. Huyu mtoto wa watu ndiye asinifie."

Shuka lilikuwa mkononi mwangu linachuruzika maji. Nilitaka kupiga kelele. Nilimtazama usoni, uso uliovimba kwa kulia, wenye uchungu wa kweli na pia fahari kidogo, kwa sababu alikuwa amefanya jambo gumu peke yake kwa ajili ya mtu anayempenda. Nikaweka shuka kwenye beseni. Nikamwambia nimesahau kitu. Sikumbuki nilifikaje barabarani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa muuza dawa. Kulikuwa na watu. Nilitaja jina la dawa kwa sauti, lile jina refu la hospitali, na bado akalijua.

"Ahaa, leo Jogoo kamtuma dada yake! Mwenyewe kazidiwa?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja akaniambia, "Shoga, mwambie atuachie na sisi siri." Niliweka pesa juu ya kaunta, nikapokea, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa kubwa kiasi kwamba lisingetoka kwa muda niliokuwa nao. Nikakimbia.

Mdogo wangu nilimkuta kwenye korido, amekaa kwenye benchi na ovaroli yake, mikono kati ya magoti. Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kukatakata, nikianzia mwisho. Alipoelewa hakunyanyuka. Alichukua vidonge mkononi mwangu, akaviangalia. Kisha akaingia wodini, akamwita daktari, akamwambia kwamba kichupa kimechanganywa nyumbani kwa bahati mbaya, si dawa yenyewe iliyokuwemo, yenyewe ni hii. Daktari aliuliza kwa muda gani. Mdogo wangu akamwambia.

"Ikikatwa ghafla hivyo, mishipa inabana kuliko mwanzo," daktari alisema, na hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Akawageukia wauguzi akaanza kuagiza.

Walimpa. Walimpa na nyingine kwenye mshipa. Mdogo wangu aliporudi kwenye benchi aliniuliza swali moja tu.

"Mama amejua?"

"Hajui lolote. Anadhani amemwokoa na wewe."

"Basi asijue."

"Una wazimu," nilimwambia. "Watu watakuona wewe ndiye..."

"Dada. Mama akijua, atakufa. Nitazika wawili?" Alisema bila kupandisha sauti, akiangalia mlango wa wodi. "Asijue. Niahidi."

Sikuahidi. Nilimshika mkono tu, ukawa unanuka shaba.

Mchana wifi aliamka kidogo. Tuliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa imerudiwa na rangi, si sana, lakini kiasi cha kutufanya wajinga kwa matumaini. Aliniuliza mama yuko wapi, kala nini. Nikamwambia mama anafua mashuka yake. "Mwambie aache," alisema, akatua apate pumzi. "Mgongo... utamuuma." Nikamwambia nitamwambia. Nikatoka nimpishe mumewe.

Alifariki jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado dirishani, kichwa chake kifuani kwa mdogo wangu, kwa namna ile ile aliyokuwa akimwegemeza nyumbani apate kuhema. Kompresa ilikuwa imeshachoka. Mdogo wangu aliendelea kumpapasa mgongo hata baada ya nesi kuzima oksijeni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Tulimzika. Watoto wa chekechea waliletwa na walimu wao, wakasimama mstari mmoja na sare zao, wasijue waangalie wapi. Muuza dawa naye alikuja. Alimkumbatia mdogo wangu akalia kwa dhati, akamwita Jogoo hata pale, kwa kuteleza, na wanaume wawili nyuma wakaangalia viatu vyao wasicheke. Baba yake wifi alisema binti yake alimsifu mumewe siku zote. Mama alisikia hilo akageuza uso.

Wageni walipopungua mama alituita chumbani, sisi wawili. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, nguo za wifi zimekunjwa kando yake kwa mafungu, za kugawa na za kubaki. Alimwambia mdogo wangu afunge mlango.

"Nina neno, na dada yako ni shahidi," alisema. "Sitalisema mbele za watu, wala kwa wakwe zako. Ni letu humu ndani."

Mdogo wangu alibaki amesimama.

"Nilikuwa nasikia, mwanangu. Nilikuwa nasikia kila usiku yule binti anavyohema. Nikajua unavyokunywa. Nilikuzuia kwa njia zangu, dada yako anajua, lakini nilikuja ulikuwa umeshammaliza." Sauti ilimkatika, akaisubiri irudi. "Mwili wake ulikuwa mdogo. Hukuona? Ulilala naye kitanda kimoja, hukuona?"

"Mama," nilisema. Neno lilinitoka lenyewe, na nyuma yake yalikuwepo mengine yote, yamepanga foleni. "Mama, ngoja nikwambie..."

"Dada, nyamaza," mdogo wangu alisema.

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama, yule mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu, aliyemwaga dawa chooni kwa mapenzi. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya kitanda kwa hasira, na hata leo sijui hasira hiyo ilikuwa ya nani. Ya mama hapana. Ya mdogo wangu labda. Ya wote waliocheka, na mimi nikiwemo. Zaidi ya yote ilikuwa ya kujua kwamba mama angejua mapema, angemwosha miguu vile vile, angempenda vile vile, na mjukuu asingemtaja. Tulimficha mtu ambaye hakuhitaji kufichwa.

"Niliona, mama," mdogo wangu alisema. "Ni kweli. Nilimchosha."

Mama aliziba uso kwa viganja akalia. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake, na ovaroli yake iliyochakaa magotini, na mama akamvuta kichwa akakilaza mapajani, juu ya khanga. Walikaa hivyo. Nilisikia watu uani wakikusanya viti.

"Wewe ni mwanangu," mama alisema mwishowe, akimfuta machozi kwa kidole gumba. "Sina pa kukutupa. Mimi nimekusamehe."

"Asante, mama."

"Ila siku ukija kuoa tena, mwanangu, uwe na huruma."

"Nitakuwa nayo, mama," mdogo wangu alisema.